Kukandwa tumbo baada ya kuvunwa mayai: inafaa au ni hatari?

UaLaAsumini ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Ninaandika kutoka Dar es Salaam, nyumbani kwa wifi yangu, ambako nimefikia kwa sababu jana asubuhi nilivunwa mayai katika kliniki ya uzazi, nasi makazi yetu ni Dodoma. Shughuli yenyewe ilikuwa fupi. Nilichomwa dawa ya usingizi mkononi, na nilipozinduka niliambiwa kwamba yamepatikana mayai zaidi ya ishirini, mengi kuliko walivyotarajia. Kwa sababu ya wingi huo, na kwa kuwa ovari zangu tangu mwanzo zilikuwa na vifuko vingi kupita kawaida, daktari ameamua kwamba viinitete vyote, yaani mayai yakisharutubishwa, vigandishwe na nisipandikizwe chochote mwezi huu. Nimeruhusiwa nikiwa na parasetamoli, vidonge vya kabergolini vya kumeza usiku, na karatasi ya maelekezo inayosema mambo mengi kwa mkato: nipumzike, ninywe maji, nipige simu nikiona dalili za hatari. Dalili hizo zimetajwa kwa majina ya kitabibu ambayo mimi, mwalimu wa jiografia, siyaelewi.

Hali yangu leo ni hii. Tumbo limejaa chini ya kitovu kiasi kwamba sketi niliyokuja nayo haifungi, na linauma kama siku ya kwanza ya hedhi. Nikikaa kwa ghafla ninasikia mchomo. Kuna matone ya damu ya hudhurungi kwenye pedi, na tangu juzi sijapata choo.

Lakini kilichonifanya niandike ni jambo jingine. Mama mkwe amefika leo mchana kutoka Pangani. Mimi na mume wangu hatukumweleza habari za IVF, yaani kurutubisha mayai maabara, nje ya mwili. Tulimwambia tu kwamba nimefanyiwa operesheni ndogo ya kizazi. Sasa ameshateleka sufuria kubwa ya maji yenye majani ya mwarobaini, taulo liko tayari, na mkaja ameutoa kwenye begi lake ukiwa umekunjwa vizuri, kwa maana alifunga safari akijua anachokuja kufanya. Anasema kizazi kilichoguswa na chuma hakiachwi hivi hivi kikaingiwa na baridi. Wifi zangu wote walipozaa walipita mikononi mwake na wana afya njema, na si mtu wa kubishiwa. Nimemwomba anikande kesho badala ya leo. Je, kukandwa kunaruhusiwa? Na kama hakuruhusiwi, sababu ni ipi hasa, maana kumwambia kwamba daktari amekataza, peke yake, hakutamtosha. Ningependa pia kujua nile nini, nijilaze kiasi gani, na lini nitaweza kupanda treni kurudi kazini.

MamaMkubwaWaTanga amejibu:

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa maumivu. Binti yangu alipitia njia hiyo hiyo Nairobi, kwa hiyo ninayajua machache. Sisi tulimlaza. Hakushuka kitandani wiki nzima ila kwenda msalani, chakula kilimfuata aliko, na alikunywa madafu asubuhi, mchana na jioni. Kumkanda sikumkanda, kwa sababu tuliambiwa wazi kwamba tumbo lisiguswe, ingawa hatukuelezwa kwa nini. Mama mkwe wako usimwone mbaya. Mwanamke wa pwani akisikia neno kizazi, mkono wake unakwenda kwenye taulo wenyewe. Mheshimu, lakini usikubali.

NesiWaZamu amejibu:

Dada UaLaAsumini, pole sana. Usikubali kukandwa usiku wa leo, wala kesho, wala wiki hii. Nimefanya kazi katika wodi ya wanawake kwa miaka mingi, na nitaeleza sababu kwa urefu ili uweze kumfikishia mama jambo lenyewe badala ya amri tupu.

Mzazi hukandwa kwa imani kwamba kizazi chake kilichopanuka kinasaidiwa kurudi kiasi chake. Hilo nalo lina mjadala wake hospitalini, lakini tuliache. Wewe kizazi chako hakikuguswa kabisa. Sindano ndefu na nyembamba ilipitishwa ukeni ikiongozwa na ultrasaundi, ikatoboa ukuta wa uke mpaka ndani ya ovari, ikaingia kifuko kimoja baada ya kingine na kuvuta maji ya kila kifuko pamoja na yai lililokuwamo. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, yai la mama yake lilikuwa limechukuliwa kwa kutoboa tumbo na kuingiza darubini. Siku hizi hakuna mshono wowote wa kuonekana, na nadhani ndiyo maana ndugu, na wakati mwingine mgonjwa mwenyewe, hudhani kwamba hakuna kidonda. Kidonda kipo, ila kiko ndani. Vifuko vilivyotobolewa hujaa damu na kuvimba upya, na ovari ambayo kwa kawaida ina urefu wa sentimita tatu hivi huweza kuwa kubwa maradufu au zaidi. Hicho ndicho kinachoizuia sketi yako kufunga.

Ovari iliyovimba hivyo inaning'inia kwenye kano na mishipa yake ya damu kama embe zito kwenye kikonyo. Ikisukumwa au kubinywa, au mwili ukigeuzwa kwa nguvu, inaweza kujipinda na kujikatia damu. Ni nadra kutokea, lakini ikitokea ni upasuaji wa dharura, na ukichelewa kwa saa kadhaa ovari inaweza kufa. Sote tunakujua kukandwa kulivyo: taulo linatoka kwenye maji yanayofuka moshi, viganja viwili vinashuka kutoka chini ya mbavu hadi kinenani kwa uzito wote wa anayekanda, kisha mkaja unazungushwa na kukazwa mpaka pumzi inakuwa fupi. Uzito huo na mkazo huo ndivyo visivyotakiwa. Isitoshe, matundu ya sindano kwenye ovari yanaweza kuanza kuvuja upya, na damu ikamwagikia ndani ya tumbo ambako hakuna wa kuiona.

Joto lenyewe halina ubaya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, ikawekwa juu ya tumbo bila kukandamizwa kwa dakika kumi na tano hivi, hupunguza maumivu, na mama anaweza kukuandalia kwa mikono yake. Kujifukiza, kukalia maji yenye dawa, na kuingiza chochote ukeni, yawe majani, iwe tamponi, yawe maji ya kujisafishia, uache kabisa hadi kliniki ikuruhusu, kwa kuwa ukuta wa uke bado una matundu mabichi. Oga kwa maji ya kujimwagia. Bahari isubiri.

Kuhusu dawa, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita bila kuzidi vinane kwa saa 24, huwatosha wengi. Angalia tu usichanganye na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue bila idhini ya kliniki, hata kama muuza duka la dawa atasisitiza kwamba ndizo dawa za tumbo la wanawake. Kundi hilo huelemea figo, na figo zako wiki hii tunazihitaji. Kabergolini imeze pamoja na chakula, kisha ulale, kwa sababu huleta kizunguzungu.

Sasa nieleze habari ya figo. Mwenye mayai zaidi ya ishirini, na ovari zenye vifuko vingi tangu mwanzo, ndiye hasa anayeweza kupata hali ya ovari kusisimka kupita kiasi, ambayo kwenye karatasi yako huenda imeandikwa kwa herufi nne tu, OHSS. Ovari zilizochochewa na sindano, hasa baada ya ile ya mwisho ya kukomaza mayai, humwaga kemikali zinazofanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji. Maji hayo yanatoka kwenye damu na kuingia tumboni, kwa hiyo tumbo linajaa wakati damu inakuwa nzito na figo zinapungukiwa. Hali nyepesi, ya kujaa tumbo na kichefuchefu kidogo, inaweza kuwapata hadi theluthi moja ya wanaopitia IVF, na huisha yenyewe. Ya kati na iliyo kali ni ya wachache, kati ya asilimia 3 na 8. Uamuzi wa daktari wako wa kugandisha viinitete ni kinga kubwa, maana homoni ya mimba ndiyo inayoirudisha hali hii kwa nguvu katika wiki ya pili, na wewe hutakuwa na mimba. Awamu ya kwanza, ambayo hutokea ndani ya wiki moja au zaidi kidogo tangu sindano ya kukomaza, bado hujaivuka, na kabergolini umepewa kwa ajili yake.

Kwa hiyo jipime badala ya kukisia. Kila asubuhi, ukishakojoa na kabla hujanywa chai, panda mizani ukiwa na nguo ile ile, kisha pitisha futi ya fundi cherehani kwenye kitovu, na uandike namba zote mbili. Ukiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, au futi ikipanda kila asubuhi, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukikojoa mara chache na mkojo ukawa wa rangi nzito, ukitapika hata maji, au joto la mwili likifika nyuzi 38. Usipige simu tu bali nenda hospitali moja kwa moja ukikosa pumzi, hasa ukilala chali. Ukipata maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja yanayokuja na kutapika. Ukizimia au ukasikia maumivu kwenye ncha ya bega. Ukilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja. Au kigimbi kimoja, mkono au shingo ikivimba na kuuma. Maumivu kama ya hedhi, matone ya hudhurungi na kujaa kwa kiasi unakokueleza leo ni vya kawaida kwa siku ya pili.

Mama Mkubwa, shikamoo, na kwa heshima zote ninaomba nitofautiane nawe kidogo. Kulala wiki nzima bila kushuka kitandani simshauri mtu, kwa sababu homoni zimepanda, damu inaweza kuwa nzito, na miguu iliyotulia kwa muda mrefu ni mahali ambapo damu huganda. Siku ya kwanza na ya pili ni za kulala na kuamka. Baada ya hapo atembee polepole ndani ya nyumba na uani mara kadhaa kwa siku, ila asibebe ndoo, asiiname kufua, asiruke, wala asipande bodaboda. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi, na figo zikilegea potasiamu hurundikana kwenye damu na kusumbua moyo. Dafu moja kwa siku linatosha. Kiu iliyobaki ikatwe kwa maji, supu na maji ya ORS, jumla lita mbili hadi tatu. Kujilazimisha kunywa zaidi ya kiu hakuzuii chochote.

BabaMapacha amejibu:

Nimesoma maelezo ya Nesi na sina la kumsahihisha. Nitaongeza la upande wetu sisi waume, ambao mara nyingi hukaa kando tukidhani kazi yetu iliishia kwenye kile kikombe cha maabara.

Mke wangu alivunwa mayai mjini, nasi tukarudi mkoani mapema. Usiku mmoja tumbo lilijaa ghafla, akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Katika hospitali tuliyoikimbilia, ambayo sitaitaja, daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye bidii lakini hakuwahi kukutana na hali hiyo. Alifikiria kidole tumbo kwanza. Kisha kipimo cha mkojo kikaonyesha mimba, na hapo akasadiki kwamba ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Mimba haikuwapo. Sindano ya kukomaza mayai aliyochomwa ilikuwa na homoni ile ile ambayo kipimo cha mimba huitafuta, na hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa na namba ya dharura ya kliniki. Madaktari wawili wakazungumza kwa simu mbele yangu, na upasuaji ukasimamishwa. Alihamishiwa hospitali kubwa, akapimwa wingi wa damu, akachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, na maji yakatolewa tumboni kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi. Aliporudi kitandani aliniambia kwamba anasikia njaa, jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo, shemeji, kabla hamjaondoka Dar mwombe mumeo apate karatasi moja yenye tarehe ya kuvunwa, idadi ya mayai, jina la sindano ya kukomaza na saa uliyochomwa, dawa unazotumia, kundi lako la damu na namba ya simu inayopokewa usiku. Ikae kwenye mkoba wako, na picha yake ikae kwenye simu za nyote wawili. Daktari yeyote wa zamu akiisoma atajua aanzie wapi. Na ile kazi ya mizani na futi aifanye mumeo, maana mgonjwa akichoka huanza kujidanganya kwamba leo ni kama jana.

KitindaMimba amejibu:

Kuhusu mama mkwe tu, kwa kuwa mengine yameshasemwa. Huhitaji kumweleza habari za IVF kama hamjawa tayari, na huhitaji kumdanganya pia. Mwambie kwamba ovari zako zilikuwa na vifuko vingi, vimetobolewa vikatolewa maji, sasa zimevimba na zikisukumwa zinaweza kujipinda. Yote hayo ni kweli tupu. Kisha mpe kazi, kwa sababu mtu aliyetoka Pangani na mkaja kwenye begi hakuja kukaa sebuleni kutazama televisheni. Akupikie supu ya samaki, uji wa ulezi, mchicha. Ashike chupa ile ya moto. Tena mumeo ndiye amwambie mama yake, si wewe uliyelala. Neno la mwana kwa mama halina ukwe ndani yake.

UaLaAsumini ameandika:

Nawashukuru nyote, na Mama Mkubwa shikamoo. Mume wangu alizungumza na mama jana usiku kwa maneno karibu yale yale. Mama aliuliza kama vifuko hivyo vina mizizi, akaambiwa havina, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama samaki ninaruhusiwa. Leo nimekunywa supu ya changu na maji ya mwarobaini yamemwagiwa mche wa mpapai. Mkaja umerudi kwenye begi.

Mizani ya leo asubuhi imeonyesha uzito uleule wa jana, na mkojo unapita vizuri. Naomba nimalizie kwa maswali yaliyobaki. Choo bado ni kigumu, na wifi ananizuia kula papai akisema linaharibu mimba. Pili, Ramadhani inaingia wiki ijayo, nami sijawahi kuacha kufunga ila kwa hedhi. Tatu, ni treni na kazi. Na mwisho, nina hofu ambayo sikuithubutu kumuuliza daktari: wakinivuna mayai mengi hivi kwa mara moja, si wamekula akiba yangu ya miaka ijayo?

NesiWaZamu amejibu:

Nafurahi kusikia habari za mizani, lakini endelea kujipima hadi wiki ipite.

Nianze na hofu yako, kwa sababu huwalaza wengi macho. Kila mwezi mwili wa mwanamke huanza kukuza vifuko vingi kwa pamoja, kisha hukichagua kimoja kikomae na vingine vyote hunyauka na kupotea. Sindano ulizochoma zilivilisha vile ambavyo vingenyauka mwezi huo huo. Hakuna yai la mwaka kesho lililochukuliwa juzi, na ukomo wako wa hedhi hausogezwi karibu kwa sababu ya kuvunwa.

Papai kula. Viinitete vyako viko kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali ya kuvigandisha, na tumboni mwako hakuna mimba ya kuharibika. Homoni, dawa ya usingizi na kutotembea ndivyo vilivyofunga choo. Papai lililoiva, maji ya ukwaju, mboga za majani na kutembea uani huwatosha wengi, na isipotosha kliniki itakupa dawa ya kulainisha. Usijikamue chooni. Soda, maharage na kabichi nimewaona wengi wakijuta kuvila siku hizi, kwani gesi juu ya tumbo lililovimba ni mateso ya bure. Watu hupenda kuniuliza ni chakula gani kinachoponya ovari, na jibu langu halimfurahishi yeyote: hakuna. Mayai, samaki, nyama na dengu ni vizuri kwa sababu protini ni nzuri, basi. Na chumvi ya kawaida kwenye supu haina neno.

Kufunga, kwa maoni yangu ya kitabibu, usifunge mpaka uvimbe umeisha na kliniki imekuthibitishia, kwa sababu kukaa bila maji kutwa nzima katika joto la Dodoma ukiwa na damu inayoweza kuwa nzito ni kujitafutia hatari. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mweleze sheikh wako kwamba unatibiwa na kwamba daktari ndiye aliyekuzuia. Huhitaji kumtajia ugonjwa.

Safari ya treni haina tatizo baada ya siku tatu au nne ikiwa mizani haijapanda na kliniki imekuona, ingawa mimi ningependa uvuke wiki kwanza, kwa sababu ya mayai hayo zaidi ya ishirini, ili tatizo likijitokeza likukute karibu na waliokutibu. Treni ya SGR ni bora kuliko basi: haina matuta ya barabara ya Morogoro, ina choo, na unaweza kuinuka na kutembea kwenye behewa kila baada ya muda. Begi abebe mtu mwingine. Gari usiliendeshe ndani ya saa 24 za kwanza baada ya dawa ya usingizi, na baada ya hapo mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila tumbo kuuma. Wengi hurudi kazini baada ya siku moja hadi tatu, lakini kazi ya kusimama mbele ya ubao kutwa nzima ni tofauti na ya kukaa ofisini, kwa hiyo iombe kliniki ikuandikie ED, yaani ruhusa ya ugonjwa ya kutokwenda kazini, ya wiki moja. Hawana sababu ya kukunyima, na hailazimu kutaja aina ya matibabu. Mazoezi, kuruka na kubeba vitu vizito visubiri mpaka hedhi ipite.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Kaeni mbali na tendo la ndoa kwa wiki mbili hivi, au mpaka hedhi ianze. Ovari zinaweza kuumia, na tena si kila yai huvutwa na sindano. Lililobaki likirutubishwa, mimba inaweza kutunga yenyewe, na kwako mimba sasa hivi ndiyo ingeiamsha ile OHSS ya wiki ya pili ambayo daktari ameikwepa kwa kugandisha.

Hedhi yenyewe itegemee ndani ya wiki mbili tangu siku ya kuvunwa, wakati mwingine mapema zaidi, na inaweza kuwa nzito na yenye mabonge kuliko uliyoizoea. Siku mbili tatu kabla yake usishangae ukilia bila sababu, kwani homoni zinashuka kwa kasi. Mumeo naye aambiwe mapema. Tumbo huanza kusinyaa hapo. Siku ya kwanza ya damu hiyo ipigie simu kliniki uwape tarehe, maana wengi huihesabu kutoka hapo kupanga mzunguko wa kupandikiza. Damu isipoonekana hata wiki ya tatu, wapigie pia, na waombe wakupime mimba kwa damu kabla ya dawa yoyote ya kuishusha.